Namna ya Kuomba Msaada wa Kijamii na Kuufuatilia Mpaka Uupate

Mama mmoja alinijia na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Alikuwa ameenda ofisi ya ustawi wa jamii mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa arudi wiki ijayo. Nikamuuliza nani alimwambia hivyo. Hakujua jina. Siku gani? Mwezi wa tano hivi, au wa sita. Fomu ilipokelewa? Aliiacha mezani. Tulipokaa tukapitia masharti ya msaada ule mstari kwa mstari, nikaona alistahili tangu siku ya kwanza. Kitu pekee alichokosa ni karatasi yenye muhuri ya kuonyesha kwamba aliwahi kuomba.

Nimekaa miaka mingi nikiwasaidia watu kujaza fomu za aina hii, na kisa cha mama yule nimekutana nacho kwa sura nyingi. Watu wenye sifa zote hupotelea katikati, baina ya mlango wa ofisi na faili. Ndiyo maana humu nitakaa zaidi kwenye karatasi, tarehe na majina kuliko kwenye orodha ya misaada. Misaada hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini njia ya kuifikia inafanana mno.

Kwanza, aibu

Wapo wanaokuja kwangu wakinong'ona. Nawaambia wapaze sauti. Tangu 1948, Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, katika Ibara ya 25, linataja haki ya kila mtu kupata chakula, mavazi, makazi, matibabu na huduma za jamii, na haki ya kulindwa anapokosa kazi, anapougua, anapopata ulemavu, anapofiwa na mwenzi wake au anapozeeka. Mwaka 2012 Shirika la Kazi Duniani likatoa Pendekezo namba 202, linalozitaka nchi ziwe na ulinzi wa chini kabisa kwa mambo manne: matibabu ya msingi, kipato cha kutosha kulea mtoto, kipato kwa mtu mzima asiyeweza kujipatia riziki, na kipato kwa mzee. Kariri hayo manne. Ukiingia ofisini usijue uanzie wapi, uliza: kuna nini hapa kwa matibabu, kwa watoto, kwa mimi niliyekosa kazi, kwa mzee ninayeishi naye? Maswali hayo manne humfanya karani afungue madaftari ambayo hakukusudia kuyafungua.

Hatua ya kwanza: tenganisha shida ya leo na shida ya mwaka

Mtu aliyezidiwa husimulia yote kwa pamoja: kodi, ada, mtoto anayekohoa, mume aliyeondoka. Anayemsikiliza hupotea. Kabla hujatoka nyumbani, chukua karatasi uigawe mara tatu. Juu andika kinachoweza kukudhuru ndani ya siku chache, yaani hakuna chakula, kuna mgonjwa, unatolewa kwenye nyumba, kuna mtu anakupiga. Katikati weka ya mwezi huu. Chini weka ya muda mrefu, kama ada, bima ya afya, ulemavu na malezi ya yatima.

Kilicho juu kina mlango wake, na mara nyingi ni wa haraka kuliko ule wa kawaida. Marekani, kwa mfano, ombi la msaada wa chakula hujibiwa ndani ya siku 30, lakini kaya isiyo na kitu kabisa inatakiwa ihudumiwe ndani ya siku 7. Tofauti hiyo haimfikii mtu anayejibu "tunajikaza tu" anapoulizwa hali. Tumia neno "dharura", kisha lifafanue: tulikula mwisho jana mchana, tumepewa notisi ya kuhama, ndani ya siku tano tuwe tumetoka. Kwa njaa ya leo usiisubiri serikali peke yake. Ulizia kwenye nyumba za ibada, Msalaba Mwekundu, au vikundi vya mtaa vinavyogawa chakula. Ukiwa hospitalini na huna pesa, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaruhusiwa kutoka. Deni likishaandikwa, kulifuta ni kazi kubwa kuliko kuomba msamaha wa matibabu mapema.

Kama unakimbia kipigo, mambo mawili hayangoji. Nyaraka zako zihifadhiwe kwa mtu mwingine, na ofisi usiipe namba ya simu ambayo anayekupiga anaweza kuishika. Waambie maafisa waziwazi wakupigie namba gani na saa ngapi.

Hatua ya pili: tambua msaada unaouomba huchaguaje watu

Watu wengi huliruka jambo hili, kisha wanashangaa kwa nini jirani kapata na wao wamekosa. Misaada mingi huchagua walengwa kwa njia tatu, na kila njia ina ushahidi wake.

Njia ya kwanza ni kundi. Umri, ulemavu, uyatima au ujauzito ukithibitika, basi. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na kinachotakiwa hapo ni kuthibitisha umri na ukaazi, si umaskini. Mzee wa namna hiyo akipoteza muda kueleza alivyo fukara, anajibu swali ambalo hakuulizwa. Atafute cheti au kitambulisho chenye mwaka sahihi wa kuzaliwa.

Njia ya pili ni kipato, na penye watu wengi wasio na mshahara, kipato hukadiriwa kwa alama. Afisa huuliza idadi ya watu, wangapi wanafanya kazi, nyumba imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya udongo au saruji, maji mnachota wapi, mna redio, baiskeli au mifugo. Kila jibu lina uzito wake, na jumla ndiyo inayoamua. Mfumo huu hukosea, na hukosea kwa namna inayojulikana: humwona tajiri mtu mwenye bati alilojengewa na mwanawe aliyekwisha kufa. Kama kitu ulicho nacho kinasema uongo kuhusu hali yako, mweleze afisa papo hapo na umwombe aandike kwenye nafasi ya maoni.

Ya tatu ni jamii yenyewe kuchagua. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini nchini Tanzania, huanza kwenye mkutano wa kijiji au mtaa unaotaja kaya maskini, kisha kaya zilizotajwa huhojiwa. Hapa kazi yako ni kuwepo mkutanoni. Ukiwa mgonjwa, mtume mtu atakayetaja jina lako na kueleza hali yako. Mimi siukubali mkutano ambao majina hayasomwi kwa sauti mbele ya watu kabla ya kufungwa. Unayo haki ya kuomba yasomwe. Jina likikosekana, lalamika palepale, maana kesho yake muhtasari huwa umeshasainiwa.

Kujua msaada gani uko chini ya njia ipi, tafuta mtu mmoja anayejua milango yote. Mara nyingi ni afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mwalimu anayeshughulikia watoto wenye shida. Uingereza kuna Citizens Advice, iliyoanzishwa 1939, inayotoa ushauri bure. Marekani watu hupiga 211. Kenya na Tanzania, namba 116 ni ya kutoa taarifa na kuomba msaada kwa ajili ya mtoto, na kuipiga ni bure.

Hatua ya tatu: nyaraka

Nunua faili moja. Kama hakuna, bahasha kubwa inatosha. Kitu chochote kinachohusu msaada kiingie humo, na humo kisitoke ila kwenda ofisini.

Ndani yake weka kitambulisho cha kila mtu mzima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi zao za kliniki, cheti cha kifo kama kuna aliyefariki, barua ya utambulisho ya mahali unapoishi, karatasi za hospitali, na barua yoyote uliyowahi kuandikiwa na ofisi yoyote. Toa nakala mbilimbili. Nyaraka halisi zionyeshe, usiziache. Karani akisema lazima zibaki, akuandikie amepokea nini na lini, aweke sahihi. Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie ndugu unayemwamini, ili mafuriko au moto visikurudishe mwanzo.

Jina ndilo linaloangusha maombi mengi. Kwenye kitambulisho ni Mohamed, kwenye cheti cha mtoto ni Muhammadi, kadi ya hospitali imeandika la babu badala ya la baba. Binadamu anaelewa kuwa ni mtu mmoja. Kompyuta haielewi. Zipange nyaraka zote mezani uyasome majina herufi kwa herufi kabla afisa hajayasoma. Yasipolingana, nenda kwa wakili au mahakamani ukale kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Baadhi ya wanaotoa msaada wa kisheria hukiandika bila malipo, na kiapo kimoja kitakutumikia kwenye maombi yote yajayo.

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa asikuzuie kuomba. Anza mchakato wa cheti siku hiyohiyo, chukua stakabadhi ya maombi, uiambatanishe. Hutakuwa na cheti, lakini utakuwa na ushahidi kwamba kiko njiani.

Kuthibitisha kipato bila hati ya mshahara ndiko kunakowatesa wauza mboga, vibarua, wafua nguo na mafundi wa kuitwa. Dawa yake ni daftari. Kwa wiki nne andika kila jioni umeingiza kiasi gani, kwa kazi gani, na umetoa gharama gani ili uipate kazi hiyo. Siku ya sifuri andika sifuri. Nimewahi kumwona fundi ujenzi aliyekataliwa kwa kusema "kwa siku napata kiasi fulani", afisa akazidisha mara thelathini. Aliporudi na daftari, ilionekana amefanya kazi siku tisa tu katika siku ishirini na nane. Hesabu ikabadilika, na jibu nalo.

Hatua ya nne: fomu, na mtu anayekuja nyumbani

Soma fomu yote kabla ya kuandika neno. Husomi? Tafuta msomaji asiyetaka malipo, akusomee na majibu yako pia kabla hujaweka dole gumba.

Swali linaloleta makosa zaidi ni la watu wa kaya. Misaada mingi huhesabu wanaokula chungu kimoja na kuchangia matumizi, si kila anayelala chini ya paa hilo. Kaka anayepanga chumba chako na kujipikia mwenyewe anaweza kuwa kaya nyingine. Ukimwandika bila maelezo, mshahara wake unakuwa wako. Uliza kabla ya kujaza: hapa kaya ina maana gani?

Penye kipato, epuka maneno kama "kidogo" na "cha kubahatisha". Weka tarakimu, wastani wa daftari lako, na uandike kando kwamba ni wastani wa wiki nne. Usichukue mwezi mzuri kuliko yote ukaufanya kipimo cha mwaka.

Kwenye ulemavu na ugonjwa wa muda mrefu, watu wetu hujikaza. Ukiulizwa "unaweza kutembea?", unajibu ndiyo, kwa kuwa leo umefika. Eleza siku mbaya inavyokuwa na zinakuja mara ngapi kwa wiki. Sema umesimama mara ngapi njiani, nani alikushika mkono, utalala saa ngapi ukirudi. Baba mmoja niliyemsindikiza alijibu kwamba anavaa nguo mwenyewe. Binti yake akaongeza kwa upole: "Kwa dakika arobaini, na vifungo namfunga mimi." Sentensi hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti.

Afisa akija nyumbani, usifiche kitu na usikope shida. Televisheni ikifunikwa khanga huonekana kuliko isiyofunikwa. Sema ni ya nani, ilikujaje, kama inafanya kazi. Uongo ukigundulika, hata mdogo, utaondolewa na huenda ukadaiwa urudishe ulichopokea. Na kwa anayekuja na kamera, hasa wa mashirika ya hisani, jua kwamba unaweza kukataa kupigwa picha, wewe na watoto wako. Kilo chache za unga haziinunui sura ya mtoto. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona picha ya mtoto ikibaki mtandaoni miaka mingi baada ya unga kwisha.

Kama kuna karatasi bado hujaipata na tarehe ya mwisho inakaribia, wasilisha fomu hivyohivyo na uandike nini kitafuata. Mahali pengi haki huanza kuhesabiwa tangu siku fomu ilipopokelewa. Kwenye msaada wa chakula wa Marekani, fomu yenye jina, anwani na sahihi tu inatosha kufungua ombi.

Hatua ya tano: usiondoke mikono mitupu

Kabla hujanyanyuka kitini, omba nakala ya fomu yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au upewe namba ya kumbukumbu. Muulize afisa jina lake kwa heshima: "Samahani mheshimiwa, niandike nimehudumiwa na nani?" Kisha andika kwenye daftari ukiwa bado kwenye benchi la nje, kabla kichwa hakijachoka. Iwe fupi namna hii:

*Jumanne, tarehe 4. Ofisi ya ustawi, dirisha la 2. Nimehudumiwa na (jina). Fomu imepokelewa, kumbukumbu namba (…). Amesema watakuja nyumbani ndani ya wiki mbili. Wasipokuja, nirudi tarehe 18.*

Tarehe 18 ikifika bila mgeni, rudi na daftari lako. Isome sentensi hiyo kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi. Nimeona sauti za makarani zikibadilika wanaposikia majina yao yakisomwa pamoja na tarehe. Na wengi wao ni watu wema waliolemewa na mafaili, kumbukumbu zako zinawasaidia hata wao kulipata lako.

Hatua ya sita: ukikataliwa

Kukataliwa kwa mdomo usikuchukulie kuwa uamuzi. Omba sababu kwa maandishi. Wasipotoa, andika barua ya kuomba taarifa. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kushughulikia ombi la namna hiyo.

Ukiipata barua, tafuta kwanza tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Kwa misaada mingi ya serikali ya Uingereza ni mwezi mmoja tangu tarehe ya barua, na huhesabiwa kuanzia siku barua ilipoandikwa, si siku ulipoisoma. Izungushie wino.

Kisha ijibu sababu waliyoitoa, si nyingine. Hapa ndipo watu huandika kurasa za machozi. Machozi ni ya kweli, lakini anayepitia rufaa anatafuta kosa la taarifa au la hesabu. Barua ya namna hii inatosha:

*Yah: Ombi la kuangaliwa upya, kumbukumbu namba (…)*

*Nimepokea barua yenu ya tarehe (…) inayosema kaya yangu imekosa sifa kwa sababu ina watu wawili wenye kipato. Taarifa hiyo si sahihi. Mwenye kipato ni mmoja, ambaye ni mimi. Kijana aliyehesabiwa kuwa wa pili alihama tarehe (…), na ninaambatanisha barua ya mwenye nyumba anakoishi sasa. Naomba kaya yangu ihesabiwe upya na nijibiwe kwa maandishi.*

Ipeleke ikiwa na nakala ya kugongewa muhuri. Rufaa ikiendelea, uliza kama unaruhusiwa kuomba upya pia, hasa hali ikiwa imebadilika tangu ombi la kwanza. Kesi ikiwa nzito, yenye deni au kufukuzwa nyumba, nenda kwenye msaada wa kisheria ukiwa na faili zima. Ukienda na faili, mwanasheria anaanza kazi siku hiyohiyo. Ukienda na hadithi tu, anaanza kwa kukutuma nyumbani.

Hatua ya saba: msaada ukishafika

Hakuna ofisi halali inayokutoza pesa ili jina lako liingie kwenye orodha. Anayeomba "ya soda" au "ya kusukuma faili" mwandike kwenye daftari kama wengine, jina na tarehe, umpeleke kwa mkubwa wake au kwenye dawati la malalamiko. Malipo yakija kwa simu au kwa wakala, namba ya siri ni yako peke yako. Mzee anayemtuma mjukuu akamchukulie pesa asome ujumbe wa malipo mwenyewe, au asomewe na mtu wa pili, kisha zihesabiwe mbele yake.

Uliza masharti siku ya kwanza. Tangu mpango wa Progresa ulipoanza Mexico mwaka 1997, nchi nyingi zimefungamanisha ruzuku na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Mtoto akiugua akakosa shule, pata karatasi ya hospitali na uipeleke kabla mwezi haujafungwa, kwa sababu makato hufanywa na mfumo usiojua kwamba alikuwa na malaria.

Mabadiliko nayo yatolee taarifa mapema: kuhama, kuzaliwa, kufiwa, kazi mpya, namba mpya ya simu. Wengi huogopa kutaja kazi mpya wakidhani watakatwa siku hiyohiyo. Uliza kwanza, kwani misaada mingine hupungua taratibu au huendelea kwa muda. Ukinyamaza wakagundua wenyewe, unaweza kudaiwa ya miezi yote iliyopita.

Mwisho kuna kuhuisha taarifa. Brazili, kaya zilizo kwenye rejesta inayotumiwa na Bolsa Família, mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, hutakiwa kuhuisha taarifa zao angalau kila baada ya miaka 2, na karibu kila mpango una muda wake. Waulize wako ni upi, uandike tarehe hiyo kwa kalamu nene juu ya jalada la faili, na mwezi mmoja kabla yake anza tena kuandika mapato kwenye daftari kila jioni.